Nimekompaili PROJ na GDAL, make imeisha poa lakini koodineti zinakataa

ramani_ksm (Kisumu)

Habari wakuu, naombeni msaada nimekwama. Niko na laptopu ya RAM 4GB, Ubuntu 22.04, na kwa hiyo Ubuntu apt inakupa GDAL 3.4.1 basi (GDAL ni programu ya kusoma na kugeuza faili za ramani). Mimi nataka 3.11 juu hapo ndio walileta ile komandi moja ya `gdal` yenye ndani yake kuna raster, vector na zingine, na skripti zote tunapeana kazini siku hizi zimeandikwa hivyo. Kazi yenyewe ni michoro ya zamani ya mashamba, Kisumu kupanda mpaka Maseno, iko kwa Arc 1960 (mfumo wa zamani wa koodineti wa huku kwetu) na inafaa iende WGS 84 (ule wa GPS) ndio ikae sawa juu ya picha za setilaiti, maana ukiiacha vile ilivyo kila shamba linasogea karibu mita 300 na hapo unaweza kumuuzia mtu vita na jirani.

Sasa nikashusha source ya PROJ 9 (laibrari ya kugeuza koodineti, GDAL inaitegemea) na ya GDAL, nikakompaili zote mbili, nikaweka kwa `/usr/local`, make mwishowe ikaisha poa. Lakini nikiita komandi yoyote inayogusa koodineti napata kitu ndefu inaishia hivi:

`It comes from another PROJ installation.`

Saa zingine inakufa tu, `Segmentation fault`, bila maelezo. Alafu wakati wa kukompaili GDAL ikifika katikati inauawa, inaandika `Killed signal terminated program cc1plus`, naianza tena inaendelea kidogo, hivyo hivyo mpaka ikaisha. Kuna mwenye amepitia hii ama niweke Ubuntu upya kabisa?

kodi_kakamega

Usiguse Ubuntu yako, haina makosa. Soma huo ujumbe polepole, umekuambia kila kitu: uko na PROJ mbili ndani ya mashine moja na zimekutana kwa programu moja. Tangu PROJ 6 maelezo yote ya datum (msingi wa koodineti, kama Arc 1960) na projekshoni yanakaa kwa faili ya SQLite inaitwa `proj.db`, na kila toleo linataka proj.db yake. Laibrari yako mpya imefungua proj.db ya ile ya zamani ya apt, ikaikataa, na ni vizuri imekataa juu ingekubali ungepata namba za uongo bila kujua.

Fanya hivi kwanza, usibadilishe kitu (ldd inaonyesha programu inabeba laibrari gani):

`ldd /usr/local/bin/gdalinfo | grep proj`

Nakuhakikishia utaona laini mbili, `libproj.so.25` ambayo ni ya PROJ 9 na `libproj.so.22` ambayo ni 8.2.1 ya Ubuntu. Hiyo ndio inaleta Segmentation fault, majina ya fankisheni ni yaleyale kwa zote mbili kwa hivyo hii inaita ya ile na ndani vitu vimepangwa tofauti.

Alafu angalia pia `echo $PROJ_LIB`. Kama kuna kitu kinaonyesha `/usr/share/proj`, itoe kwa .bashrc, inashinda folda ya laibrari yako mpya. Toka 9.1 jina lilibadilika likawa PROJ_DATA lakini la zamani bado linasikizwa.

ramani_ksm

Ni kweli mkuu, laini mbili vile umesema, 25 na 22!! Na PROJ_LIB ilikuwa, inaonekana iliwekwa na programu nyingine ya ramani niliwahi install. Nimeitoa, ule ujumbe umeisha lakini Segmentation fault bado. Sasa hiyo 22 inaingilia wapi na GDAL nilikompaili nikiionyesha PROJ mpya?

kodi_kakamega

Hapo ndio watu wengi hupotelea, kwa hivyo ngoja niieleze vizuri. GDAL yako haikuomba 22. GDAL iliomba laibrari zingine, na hizo ndizo zimekuja na 22 mfukoni. Jaribu hii:

`readelf -d /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libgeotiff.so.5 | grep NEEDED`

Utaiona hapo libproj.so.22. Na libspatialite (ya kuweka data za ramani kwa SQLite) ni vivyo hivyo. Ulipoendesha cmake ikazunguka kwa mashine ikakuta libgeotiff na spatialite za apt, ikafurahi ikaziunga. Make haiwezi kulalamika kwa sababu kila kitu kimepatikana, labda linka iliandika onyo la `may conflict with` likapita haraka katikati ya laini elfu.

Dawa ni mbili, ama ukompaili hizo laibrari pia dhidi ya PROJ mpya, ama uambie GDAL itumie nakala ya libgeotiff inayokuja ndani yake na uzime spatialite kama hauitaji. Mimi ningeenda na ya pili. Na tafadhali usiweke `/usr/local`, weka kwa folda yako chini ya home, siku ukichoka nayo unafuta folda moja na sistemu haijui kulikuwa na kitu.

PROJ kwanza (hakikisha uko na `sqlite3` yenyewe pamoja na `libsqlite3-dev`, hiyo programu ya sqlite3 ndiyo inatengeneza proj.db wakati wa kukompaili, na watu huisahau):

`cmake -S . -B build -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/ramani -DCMAKE_INSTALL_RPATH=$HOME/ramani/lib -DBUILD_TESTING=OFF`

`cmake --build build -j2 && cmake --install build`

GDAL ni hivyohivyo lakini kwa ile cmake ya kwanza unaongeza:

`-DCMAKE_PREFIX_PATH=$HOME/ramani -DGDAL_USE_GEOTIFF_INTERNAL=ON -DGDAL_USE_TIFF_INTERNAL=ON -DGDAL_USE_SPATIALITE=OFF -DBUILD_PYTHON_BINDINGS=OFF`

Futa folda ya build ya zamani kabla uanze!! Cmake inakumbuka kila kitu kwa CMakeCache.txt na itakurudishia njia zilezile. Hiyo RPATH nayo inaandika ndani ya programu mahali pa kutafuta laibrari zake, kwa hivyo hautahitaji LD_LIBRARY_PATH. Hiyo kitu sipendi kuiona kwa .bashrc ya mtu, inachanganya hadi programu ambazo hazihusiki.

fundi_nax (Nakuru)

Na kwani lazima kukompaili? conda-forge (hazina ya programu zilizokompailiwa tayari) iko na GDAL mpya imepangwa na PROJ yake, unaitengenezea env yake na unaendelea na kazi. Huyu ana mashamba ya watu ya kumaliza, mnampeleka readelf.

kodi_kakamega

Sikatai, kama ni kazi ya leo jioni conda ni sawa. Lakini env ya conda ikishabeba kila kitu inakula giga kadhaa, na kwa bando za simu hiyo si mchezo. Source za hizi mbili ni ndogo. Alafu mtu akishajua kusoma ldd, siku ya postgis au python bindings zikileta vita ya aina hiihii hatangoja mtu amjibu.

dala_dev (Siaya)

Mimi niongee kuhusu ile ya kuuawa juu hakuna mtu ameijibu. Hiyo si kosa la kodi, ni keneli imeishiwa na RAM ikaua kompaila. Faili zingine za C++ kwa GDAL ni kubwa na ukiweka -j4 kwa 4GB zinakutana nne kwa wakati mmoja. Enda -j2, zikikataa -j1, na ongeza swap (nafasi ya diski ya kusaidia RAM):

`sudo fallocate -l 4G /swapfile && sudo chmod 600 /swapfile && sudo mkswap /swapfile && sudo swapon /swapfile`

Pia punguza kazi yenyewe. GDAL inakuja na draiva za fomati nyingi sana ambazo hautawahi gusa, zima zote na `-DGDAL_BUILD_OPTIONAL_DRIVERS=OFF -DOGR_BUILD_OPTIONAL_DRIVERS=OFF` alafu washa unayotaka, kwa mfano GeoPackage ni `-DOGR_ENABLE_DRIVER_SQLITE=ON -DOGR_ENABLE_DRIVER_GPKG=ON`. GeoTIFF na Shapefile zinabaki.

Na stima ikipotea katikati usianze mwanzo, rudia tu `cmake --build` itaendelea ilipoachia. Ila mashine ikizima ghafla inaweza kuacha faili za .o tupu, na make inaangalia saa tu, inadhani zimeisha, mwishowe linka inakuambia `file truncated`. Zisafishe hivi kwanza:

`find build -name '*.o' -size 0 -delete`

ramani_ksm

Wakuu asanteni sana. Nimefuta build, nimezima draiva, -j2 na swap, imepita yote bila kuuawa. ldd inaonyesha libproj.so.25 peke yake, kutoka folda yangu. Nimejaribu pointi moja ya hapa Kisumu, kutoka WGS 84 (EPSG:4326) kwenda Arc 1960 zoni 36 kusini (EPSG:21036):

`echo "-0.1 34.75" | ~/ramani/bin/cs2cs EPSG:4326 EPSG:21036`

Easting karibu 694,700 na northing 9,989,200 na kitu. Nimelinganisha na mchoro, inakaa.

kodi_kakamega

Safi kabisa. Na umeweka latitudo kwanza, vizuri, tangu PROJ 6 EPSG:4326 inafuata huo mpangilio na ukigeuza haikuambii kitu. Kwa zile za Maseno chunga ikweta, ukivuka kaskazini michoro mingine imechorwa kwa 21096 ambayo ni 36N (zoni 36 kaskazini), angalia northing kama inaanza na milioni tisa au ni ndogo.

fundi_nax (Nakuru)

Na ukipata kazi ya huku Nakuru usibebe 21036, mji uko kidogo tu mashariki ya digrii 36, huku ni 21037 (zoni 37 kusini). Rongai kuelekea magharibi unarudi zoni yenu, kwa hivyo uliza kila mchoro ulichorwa kwa gani kabla uugeuze. Hiyo cmake yako nimeinakili, wikendi najaribu kwa Debian ya ofisi.