Mteja anadai msimbo chanzo wa boksi letu la maziwa. Anayedaiwa ni sisi au muuzaji wa Shenzhen?

Fundi_Mwenge ameandika:

Wakuu, nisaidieni kabla bosi hajajibu barua hii kwa hasira.

Tunatengeneza boksi dogo la kuangalia joto la matangi ya maziwa. Linafungwa ukutani kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, linasoma kidhibiti cha tangi kwa RS485 (waya wa mawasiliano ya mashine), na kila baada ya dakika kumi linatuma joto kwa laini ya simu. Maziwa yakivuka nyuzi 4, msimamizi anapata SMS. Mpaka sasa tumeuza maboksi 340, mengi Iringa na Njombe.

Ndani kuna bodi ya chipu ya MT7628 tunayoagiza Shenzhen, inakuja na OpenWrt 19.07 tayari, yaani mfumo huria wa ruta uliojengwa juu ya Linux. Sisi tumeongeza vitu viwili tu: programu yetu ya C inayotumia libmodbus (maktaba huria ya kuongea na vidhibiti), na kiraka cha mistari kama sitini kwenye kerneli, kiini cha Linux, maana pini ya kugeuza mwelekeo wa RS485 ilikuwa inachelewa kushuka, baiti ya kwanza ya jibu inakatika. Wiki mbili za maisha yangu zimelala kwenye hiyo mistari.

Juzi kijana wa kituo kimoja Njombe kafungua boksi, kachomeka waya kwenye pini za siriali, kaona limeandika "BusyBox v1.30.1", lile furushi huria la amri ndogo za Linux. Katuandikia kwa adabu kabisa, anaomba msimbo chanzo wa kila kilicho chini ya GPL, leseni huria ya Linux na BusyBox. Bosi anasema programu huria maana yake ni ya bure, hatudaiwi na mtu. Muuzaji wa Shenzhen nilipomuuliza kanijibu: rafiki, hiyo haihitajiki.

Sasa nani anadaiwa? Na tukitoa, programu yetu nayo ndiyo imeondoka?

Mzee_wa_Solda amejibu:

Mpe kiungo cha kernel.org, tovuti ya kerneli ya Linux, mmalizane. Nani atapanda basi kuja kukushtaki Mwenge?

MamaKerneli amejibu:

Fundi, usimpe kiungo cha kernel.org. Kerneli ya kule siyo iliyo kwenye boksi lako, mistari yako sitini haimo.

GPL toleo la 2 haiulizi nani aliandika wala nani alipakia. Inauliza nani amemkabidhi mtu nakala. Hela ya kituo mmepokea ninyi, kwa hiyo mnadaiwa ninyi. Kifungu cha 3 kina njia tatu. Ama msimbo uende pamoja na boksi. Ama utoe ahadi ya maandishi, ya miaka isiyopungua mitatu, kwamba yeyote atakayeomba atapewa kwa gharama ya kunakili na kufikisha tu. Ama upitishe ahadi uliyopewa wewe na aliyekuuzia. Hiyo ya tatu ndiyo maficho ya wengi, na imeandikwa wazi kwamba ni ya asiyesambaza kibiashara. Ninyi mnauza. Huyo wa Shenzhen naye ana deni, lakini deni lake liko kwako: alikukabidhi nakala, mdai.

Bosi msomee kifungu cha 4. Ukikiuka masharti, ruhusa ya kusambaza inakoma hapo hapo, maana yake boksi la 341 mnaliuza bila leseni. Kinachobaki ni hakimiliki ya kawaida, na hiyo haiishii Ulaya: Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta.

Mzee_wa_Solda, Sitecom nao waliuza ruta wakidhani hivyo hivyo, mpaka Harald Welte, mmoja wa waandishi wa kerneli ya Linux, akapata amri ya mahakama ya Munich mwaka 2004. Monsoon Multimedia walishtakiwa Marekani 2007 kwa ajili ya hiyo hiyo BusyBox, ambayo haijui kujificha, ukiigusa tu inajitaja jina. Na hiyo OpenWrt mnayoilia ugali, Fundi, imetokana na madai kama ya kijana wako: Linksys walibanwa mwaka 2003 watoe msimbo wa ruta ya WRT54G, ukatoka, na watu wakaanzia hapo.

Niwape na yangu. Nilikuwa Nairobi kwenye kampuni moja ya vifaa vya kufuatilia magari, jina nalihifadhi. Mnunuzi wa nje akasema halipi shehena ya pili mpaka aone msimbo. Tukacheka, si upo kwenye git, ghala letu la msimbo? Kumbe aliyejenga famuwea, programu ya ndani ya kifaa, alishaacha kazi, na aliijengea kwenye laptopu yake. Cha kwenye git kilitoa kerneli nyingine kabisa, modemu haikuwaka. Wiki sita tunatafuta faili moja, .config, yenye mipangilio ya kujenga kerneli. Tuliikuta ndani ya kifaa chenyewe, kwenye /proc/config.gz, kwa sababu tu kuna mtu alisahau kuizima. Bila huyo msahaulifu, shehena ingeoza bandarini.

Kwa hiyo kabla hujamjibu kijana, kusanya folda ya dl ya OpenWrt (vyanzo ilivyopakua), .config, feeds.conf (orodha ya vyanzo vya ziada), viraka vyote na maelezo ya kujenga. Leseni inataja mpaka skripti za kujenga na kusakinisha. Kisha tafuta laptopu ambayo haijawahi kuona mradi huu, zima intaneti, ujenge. Ikikwama, bado huna msimbo. Mimi ningeweka flashi yenye msimbo wote ndani ya kila boksi, maana ukitoa ahadi ya maandishi, simu zitaendelea kuja miaka mitatu baada ya boksi la mwisho.

Programu yenu ya C ni yenu. Leseni ya Linux yenyewe inasema wazi kwamba programu zinazoomba huduma za kerneli kwa njia ya kawaida haziguswi. Angalia libmodbus, hiyo ni LGPL 2.1, ndugu mpole wa GPL kwa ajili ya maktaba. Umeiunganisha kama .so, faili ya pembeni, au umeikandamiza ndani ya programu? Kama imo ndani, inabidi utoe pia faili zenu za .o (vipande vya programu kabla ya kuunganishwa), ili mtu aweze kuunganisha upya na libmodbus aliyoirekebisha.

Bodi_Moja amejibu:

Ndiyo maana nilihamia ESP32, chipu ndogo isiyotumia Linux. Mfumo wake, FreeRTOS, una leseni ya MIT, na zana zake, ESP-IDF, zina Apache 2.0. Nalala.

MamaKerneli amejibu:

Lala, lakini matini ya leseni na majina ya wenye hakimiliki yako kwenye kijitabu chako? MIT nayo inadai hilo.

Fundi_Mwenge ameandika:

Dada, asante. Libmodbus imo ndani, na ni mimi niliyeweka -static, amri ya kuikandamiza ndani, nadhani ilikuwa saa nane usiku. Nimeigeuza .so leo.

Wa Shenzhen nilimnukulia kifungu cha 3, siku ya pili akatuma furushi la zaidi ya GB 1. Karibu vyote vimo, isipokuwa draiva ya waifai, imekuja .ko tupu, faili iliyokwishajengwa, bila chanzo. Nikaipiga modinfo, amri ya kusoma maelezo ya draiva, kwenye leseni inasema "GPL".

MamaKerneli amejibu:

Basi kajifunga mwenyewe. Mrudishie hilo jibu la modinfo, udai chanzo chake. Akisuasua, iondoe kwenye boksi, OpenWrt ina draiva huria ya mt76 na inaendesha MT7628. Ila ipime kituoni kwenyewe, karibu na tangi la chuma, usiipime mezani.

Fundi_Mwenge ameandika:

Bosi amekubali flashi. Alichogoma ni kiraka changu, anaona tunampa mtu jasho letu. Nimemwambia kiraka kimo ndani ya kerneli, hakitenganishiki nayo.

Kijana nimemwomba wiki mbili. Kajibu hapo hapo, hana neno, ila kama kuna kitu naweza kumtangulizia basi iwe ile sehemu ya RS485. Kuna bodi yake nyingine anahangaika nayo, baiti ya kwanza inamkatikia.