Tovuti ya hema na viti imepotea Google: nilipe 35,000 za ukaguzi au naweza kujikagulia?

MamaHema_Kisumu, Jumanne saa 3:10 usiku

Hamjambo wadau. Mimi hukodisha hema, viti na sufuria kubwa za sherehe hapa Kisumu, kuanzia Mamboleo mpaka Ahero, na mara nyingine tunavuka hadi Luanda na Mbale huko Vihiga. Harusi, mazishi, harambee, mahafali, popote panapohitaji kivuli. Tovuti ninayo tangu 2021. Mwanzoni niliiona pambo tu, lakini ilifika wakati Jumatatu na Jumanne simu hailali. Mtu yuko Mombasa, amefiwa, mazishi ni Jumamosi kijijini, hajui mwenye hema yeyote huku. Anaingia Google, ananipata, anatuma arbuni kwa M-Pesa kabla hata hatujaonana. Wateja hao wa mbali ndio walionilipia lori.

Januari kijana mmoja alinitengenezea tovuti mpya. Ni nzuri, siwezi kumsingizia, ina picha zinazosonga zenyewe. Lakini tangu Februari simu za watu wa mbali zimekauka. Wiki iliyopita zilikuja mbili, na mmoja alikuwa anauza bima.

Nikaenda kwa watu fulani wakanipa ripoti ya bure ya kurasa 64, nyekundu tupu. Alama yangu ni 38 kwa 100, makosa 217. Ukaguzi kamili na marekebisho wanataka 35,000. Kwa pesa hiyo nanunua viti vipya na chenji inabaki ya mafuta ya lori.

Je, mtu asiye fundi anaweza kukagua tovuti yake akajua ugonjwa uko wapi? Nina kompyuta, na kijana wangu wa kidato cha tatu yuko nyumbani, anaelewa mambo haya kunishinda.

FundiMtandao_Nakuru, Jumanne saa 4:02 usiku

Mama, shika pesa yako kwanza.

Ripoti hiyo naijua hata bila kuiona. Programu inapita kwenye tovuti dakika chache, inatema kurasa, mtu anabandika nembo yake juu. Hebu angalia kama kati ya hayo makosa 217 wameandika kwamba huna lebo ya "keywords" ndani ya msimbo. Kama imo, basi aliyeandika amelala tangu 2009, maana mwaka huo Google walitangaza kwamba lebo hiyo hawaitumii kupanga matokeo. Na ukiona wamekupa "mamlaka ya tovuti: 4" au namba kama hiyo, ni kipimo cha Moz, kampuni ya programu za kukagua tovuti. Google haikitumii.

Hata hiyo 38 isikunyime usingizi. Tovuti ya alama 38 inaweza kuwa ya kwanza na ya alama 95 isionekane kabisa. Swali la kuanza nalo ni dogo zaidi: ule ukurasa uliokuwa ukikuletea watu wa Mombasa, Google bado inao?

Fungua Google uandike site: na mara moja, bila kuacha nafasi, jina la tovuti yako. Yatakayotokea ni kurasa za kwako tu ambazo Google inazo. Si hesabu kamili, lakini inatosha kuonyesha kama kuna moto. Zihesabu uje useme.

Dau langu ni kwamba utakuta patupu. WordPress, ile programu ya kujengea tovuti, ina kisanduku kwenye mipangilio yake kinachoziomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti. Fundi hukitia tiki akiwa anajenga ili kazi isionekane ikiwa nusu, halafu siku ya kuzindua anasahau. Kuna mwenye gesti hapa Section 58 nilimtoza elfu mbili kwa kuondoa tiki moja. Nikikutana naye mjini bado naangalia pembeni.

Omwami_Kakamega, Jumatano saa 1:30 asubuhi

Mnamzungusha mama wa watu. Anunue viungo tu, yaani linki za kutoka tovuti nyingine kuja kwake. Kuna jamaa anauza viungo 500 kwa 3,000, baada ya wiki uko juu. Nilifanyia duka la dawa za mifugo na ilipanda.

FundiMtandao_Nakuru, Jumatano saa 1:52 asubuhi

Omwami, na sasa hivi hilo duka liko wapi?

Omwami_Kakamega, Jumatano saa 2:15 asubuhi

Lilishuka. Lakini lilipanda kwanza.

MamaHema_Kisumu, Jumatano saa 2:40 usiku

Fundi, nimefanya ulivyosema. Si patupu. Kuna kurasa saba. Ukurasa wa mwanzo, wa mawasiliano, wa picha, na mmoja wa bei. Wa tano umeandikwa kwa Kiingereza na mtu nisiyemjua kabisa, anasema mchana anapeleka vifurushi kwa baiskeli na usiku anataka kuwa mwigizaji, anaishi Los Angeles na mbwa wake anaitwa Jack. Anafanya nini kwenye tovuti yangu ya hema?

Mbili za mwisho ni za hema za mazishi na hema za harusi, zile za zamani. Nikizibofya naambiwa ukurasa haupatikani.

FundiMtandao_Nakuru, Jumatano saa 3:25 usiku

Basi dau nimelipoteza, na ugonjwa umejionyesha wenyewe.

Tuanze na wa baiskeli. Huyo ni ukurasa wa mfano unaokuja na kila WordPress mpya. Fundi wako hakuufuta. Hauui mtu, ila unakuambia kazi iliisha kwa haraka, kama fundi wa nguo aliyeacha pini kwenye kola.

Ugonjwa ni zile mbili za mwisho. Tovuti ya zamani ilikuwa na anwani zake, kwa mfano /hema-za-mazishi. Kijana akajenga upya, akakusanya kila kitu kwenye ukurasa mmoja mrefu unaoitwa /huduma, za zamani akazifuta. Sasa, sifa kwenye Google hukaa kwenye anwani. Ukurasa wako wa mazishi ulikuwa na miaka minne pale, tovuti nyingine ziliuelekezea, watu waliubofya. Ni kama umehama duka soko la Kibuye usiku, hukuacha hata karatasi mlangoni ya kusema umehamia wapi. Mteja anafika, anakuta mlango umefungwa, anageuka. Google ikirudi mara kadhaa ikakuta hivyo hivyo, inauondoa ukurasa kwenye orodha. Hizo mbili zilizobaki nazo ziko njiani kuondoka.

Karatasi ya mlangoni inaitwa 301. Ni maelekezo kwenye seva kwamba anwani hii imehamia kule moja kwa moja. Ipo plagini, yaani programu ndogo ya kuongezea, ya bure ya WordPress ya kazi hiyo, kijana wako ataiweza. Lakini msianze kubandika kabla ya kujua ni kurasa zipi zilikuwa na thamani. Ingieni Google Search Console, ukumbi wa Google wa kumwonyesha mwenye tovuti jinsi anavyoonekana kwenye utafutaji, ni bure. Kuna mtu aliwahi kuiunganisha na tovuti yako? Kama iliunganishwa zamani, mna historia ya miezi 16 humo. Angalieni mambo mawili tu. Kwenye ripoti ya utendaji: ni anwani zipi zilipata mibofyo mingi, na watu waliandika maneno gani. Kwenye ripoti ya kurasa: orodha ya zile zisizopatikana, 404. Anwani inayotokea kwenye orodha zote mbili ndiyo inayokuumiza.

Halafu jambo moja ambalo wengi hulikosea. Usielekeze kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo. Aliyetafuta hema za mazishi akitupwa kwenye ukurasa wa mwanzo wenye bibi harusi anacheka, ataondoka, na Google yenyewe huhesabu uelekezaji wa namna hiyo kama ukurasa usiopatikana. Rudisha ukurasa wa mazishi uwe ukurasa kamili. Maneno ya zamani kama yamefutwa, yatafute kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za zamani za tovuti, mara nyingi huwa yamo.

Swali la mwisho, na ni zito kuliko yote: jina la tovuti, hilo la .co.ke, limesajiliwa kwa jina lako au la kijana aliyekujengea?

Mwalimu_Busia, Alhamisi saa 12:50 asubuhi

Fundi amesema vizuri, mimi naongeza mawili. Mke wangu anapika keki za sherehe huku Busia na tumeyapitia haya.

La kwanza, Mama, usilinganishe Februari na Desemba. Desemba kila mtu yuko nyumbani, harusi kila Jumamosi. Januari ni karo. Ukilinganisha miezi iliyofuatana utadhani Google imekuua kumbe ni kalenda. Linganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana, hiyo ndiyo faida ya kuwa na miezi 16.

La pili, fungua tovuti yako kwenye simu, si kwenye kompyuta. Yetu ilikuwa na jedwali la bei linaloonekana kwenye kompyuta, kwenye simu fundi alikuwa amelificha "lisisumbue". Google sasa inasoma tovuti kwa jicho la simu. Kisichokuwepo kwenye simu, kwake hakipo. Na hizo picha zinazosonga, ziangalie uzito. Picha moja ya keki ilikuwa MB 5, imetoka kwenye kamera ikapandishwa vile vile. Mtu yuko kwenye matatu na bando la shilingi 20, nani atangoja? Tulizipunguza upana zikashuka chini ya KB 200 na macho yangu hayakuona tofauti.

Pia kagua ile kadi yako ya ramani ya Google, namba ya simu iwe sawa na ya kwenye tovuti. Kwa biashara inayomfuata mteja unaruhusiwa kuficha anwani ya nyumbani na kuandika maeneo unayohudumia, mpaka 20.

MamaHema_Kisumu, Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa 3:30 usiku

Wadau, nimerudi na habari. Mwalimu, asante sana, na msalimie mama wa keki.

Search Console ilikuwepo. Yule fundi wangu wa kwanza aliiunganisha kwa barua pepe yangu mimi, Mungu ambariki huko Eldoret aliko. Machi mwaka jana mibofyo 148, Machi hii 19. Kwa hiyo si kalenda. Na nilichokiona hapo kimenishangaza: karibu nusu ya mibofyo ya zamani ilikuwa ya ukurasa wa mazishi. Kwenye tovuti mpya tuliuondoa kwa makusudi! Kijana aliyeijenga alisema mazishi yanaharibu sura ya biashara, nami nikakubali. Maneno ambayo watu waliandika zaidi ni "tents for hire Kisumu", na mwingine aliandika "hema na viti mazishi Ahero bei". Mimi kichwa cha kila ukurasa kinasema "Tunafanya Ndoto Zako Ziwe Kweli". Mfiwa gani anatafuta ndoto?

Tumerudisha ukurasa wa mazishi kwenye anwani yake ile ile ya zamani, maneno tumeyatoa Wayback Machine, tukaongeza bei za mwaka huu. Wa harusi hivyo hivyo. Zingine sita mwanangu ameziwekea 301. Vichwa vimebadilika, kila ukurasa unasema kitu chake na mji. Picha tumezipunguza.

Jina la .co.ke lilikuwa kwa jina la kijana. Hakukataa kulihamisha, lakini ilibidi nimpigie mara sita na kumkumbusha kwamba namdai mama yake viti 30. Sasa ni langu.

Jana kwenye Search Console ukurasa wa mazishi umeonekana umeorodheshwa. Simu bado ni chache, tatu wiki hii, lakini mmoja yuko Doha na mazishi ni Rabuor Jumamosi ijayo, hema nne na viti 400. Wa harusi bado haujarudi. Hizo 301 zikae muda gani? Na yule wa Los Angeles, naye nimwekee 301?

FundiMtandao_Nakuru, Ijumaa saa 4:05 usiku

Hongera Mama, na umpe kijana wako soda. Wa harusi mpe wiki chache, na uukague humo humo Search Console kwa kuweka anwani yake kwenye kisanduku cha juu na kuomba uorodheshwe. Ombi moja linatosha, kurudia kila siku hakuongezi kasi.

301 ziache mwaka mmoja angalau, ndivyo Google wenyewe wanavyoshauri. Mimi huziacha daima, hazili chakula.

Wa baiskeli mfute tu, aende 404. Hakuna mteja anayemtafuta Kisumu. Na mbwa wake aende naye.

Omwami_Kakamega, Ijumaa saa 4:20 usiku

Fundi, hiyo plagini ya 301 inaweza kusaidia duka la dawa za mifugo?

FundiMtandao_Nakuru, Ijumaa saa 4:24 usiku

Fungua uzi wako, Omwami. Na uje na orodha ya hivyo viungo 500.