Sweta ya mtumba nimeifumua, uzi umejikunja kama tambi. Nifanyeje?

BiKisauni: Assalam aleikum jamani. Kijana wangu anakwenda chuo Nyahururu mwezi wa tisa, na sisi wa Mombasa baridi tuijuayo ni ya kusi tu, unajifunika leso imekwisha. Bei ya uzi mpya wa sufu niliuliza nikarudisha mkoba kwapani. Nikaenda Kongowea nikachagua sweta mbili kubwa za kiume, mia mbili mbili, nia nizifumue nimshonee krosheti.

Ya kijivu ilifumuka vizuri, navuta tu inakuja. Ya buluu imenitoa roho: kila mstari ukifika ubavuni uzi unakatika. Nina mfuko mzima wa vipande, kila kimoja kama pima moja. Na huo wa kijivu nao, umejikunjakunja! Nilianza kuushona hivyo hivyo kwa sindano ya milimita 3, nikapata kitu kigumu kinasimama chenyewe. Mume wangu akauliza kama ni busati. Halafu lebo zimekatwa, nitajuaje kama ni sufu kweli?

fundi_majengo: Mama, hukukosea kufumua, ulikosea kununua, pole. Kabla hujalipa geuza sweta ndani utazame mshono wa ubavuni. Ukiona ovaloki, ule mshono wa nyuzi nyingi unaofunga kingo zilizokatwa, ujue kitambaa kilikatwa kwa mkasi kama dera, kwa hivyo utavuna vipande tu. Ukiona kingo nzima, safi kama za ukili, hiyo chukua. Ila isiwe imefuliwa maji moto ikaganda, hiyo haifumuki hata kwa dua.

Kujua sufu, choma kipande juu ya sahani. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Akriliki, ule uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki, huyeyuka ikaacha kishanga kigumu.

NyanyaMjiWaKale: Mwanangu, uzi uliojikunja usiushone, siku ya kufua utanyooka na sweta itapoteza umbo. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge pahali panne bila kukaza, uloweke maji vuguvugu na sabuni kidogo. Usisugue. Ukamue kwa taulo, utundike kivulini na kitu kizito kidogo chini.

Sindano shika ya 5 au 5.5, ndipo kitambaa kilegee. Ila nikwambie kweli: krosheti inakula uzi kuliko kufuma kwa sindano mbili. Sweta moja uliyofumua haikupi sweta nyingine ya mtu mzima. Shona kizibao, mikono ndiyo inayomeza uzi.

BiKisauni: Nimechoma. Kijivu kimenuka nywele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaungua. Buluu, kishanga. Basi hiyo buluu itakuwa pindo la chini na shingo, mafundo nitayaficha kwa ndani.

Uzi niliutundika na chupa ya maji ya nusu lita. Kwa unyevu huu umekaa siku tatu, lakini umenyooka, Nyanya, Mungu akuweke. Kwa sindano ya 5 sasa kinakunjika mkononi kama kitambaa cha watu.

Kizibao tumekubaliana, mwenyewe kasema afadhali, mikono ya krosheti wenzake wangemcheka. Sasa shida yangu ni joto: sufu mapajani Kisauni si mchezo. Nashona baada ya swala ya alfajiri, jua likichomoza naiweka chini. Mgongo umefika kwapani.