Syrah (mvinyo mwekundu) ya bei nafuu: ipi inafaa kununuliwa na kuwekwa hapa Mwanza?

Mkazi wa Kirumba: Habari za jioni, ndugu zangu. Bajeti yangu ni shilingi 40,000 kwa chupa, nami nasita kati ya Syrah ya Dodoma, ya Afrika Kusini na ya Australia. Ipi itastahimili kukaa stoo miaka mitatu?

Mzee wa Nyegezi: Kijana wangu, Shiraz inayoandikwa kwenye chupa za Australia ni zabibu ile ile ya Syrah, kinachotofautiana ni hali ya hewa. Ile ya Barossa, huko huko Australia kwenye joto, huwa nzito, yenye ladha ya matunda yaliyoiva mno na kileo cha asilimia 14 au zaidi, ilhali ile ya kaskazini mwa Rhône, Ufaransa, hunukia pilipili manga kwa sababu ya rotundoni, kemikali ambayo huwa nyingi zaidi zabibu zinapoiva kwenye ubaridi. Hermitage nzuri, Syrah ya huko huko Rhône, hukaa hata zaidi ya miaka 10, lakini bei yake tuiache. Kwa fedha yako ningechukua ya Swartland, Afrika Kusini, ambayo ina ukakasi wa kutosha bila kulemea ulimi.

Dada wa Ilemela: Shikamoo, mzee. Mimi naitetea Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Syrah ya huko ninayoinunua ni nyepesi, nayo ikikaa friji nusu saa kabla ya kufunguliwa hukubaliana sana na mishikaki. Ila siiweki, nainunua niinywe.

Mzee wa Nyegezi: Marahaba, binti. Kwa mishikaki sina ubishi.

Fundi Friji: Swali la kuweka ndilo zito. Mvinyo hutaka nyuzi 12 hadi 14 zisizobadilika, na stoo iliyo chini ya bati hapa kwetu hupata joto la mchana kutwa, kisha hupoa usiku. Friji ya jikoni nayo ni baridi mno, na ukavu wake hukausha kizibo chupa ikikaa humo miezi mingi. Hata dukani, pitisha kidole mdomoni mwa chupa: kizibo kikiwa kimejitokeza kidogo na pembeni pananata, joto limeshausukuma mvinyo nje, basi irudishe. Chupa ya kizibo ilazwe. Ya kifuniko cha kuzungusha hata ikisimama haina neno.

Mkazi wa Kirumba: Nashukuru. Stoo yangu ni ya bati, kwa hiyo miaka mitatu naifuta. Nitachukua moja ya Swartland na moja ya Dodoma, nizionje pamoja Jumamosi.

Dada wa Ilemela: Anza na ya Dodoma, kaka, maana ukitangulia na ile nzito hii hutaisikia.