Kumvusha mgonjwa wa kulala kwenda Ukerewe, naombeni ushauri wa haraka

Kandoyaziwa
Habari zenu wakuu. Nipo Igoma hapa Mwanza, mzee wangu ana miaka 71, ni mgonjwa wa kulala na anataka kurudi kwao Ukerewe, kasisitiza sana. Anayejua anisaidie, kwenye meli wanaruhusu mgonjwa alazwe kwenye godoro? Na kutoka bandarini Nansio mpaka upande wa Murutunguru kuna usafiri gani mtu anaweza kulazwa, maana kukaa hawezi hata dakika tano. Tunataka kuondoka Alhamisi.

Mvuvi wa Kirumba
Dada achana na meli, pita Bunda ukavukie Kisorya, pantoni inakushusha Rugezi, gari moja mpaka mlangoni. Mimi maji ya kule nayaogopa tangu MV Nyerere ile 20 Septemba 2018, shangazi yangu alikuwa anatoka gulioni Bugolora anarudi Ukara, imebaki kidogo tu wafike gatini ikapinduka, watu zaidi ya 200 wakaondoka. Mpaka leo nikisikia honi ya meli nasimama.

Nesi Mstaafu
Mvuvi pole baba. Kandoyaziwa, mzee anaumwa nini? Usafiri unategemea ugonjwa.

Kandoyaziwa
Ana shida ya mifupa. Ila swali langu lilikuwa la usafiri.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, mifupa gani hiyo ya kumshinda mtu kukaa dakika tano? Sema ukweli usaidiwe.

Kandoyaziwa
Sawa mama. Ni saratani ya tezi dume, imeshaingia uti wa mgongo na nyonga. Mionzi alipata, akapata nafuu kama miezi miwili hivi halafu ikarudi. Wiki iliyopita daktari alitukalisha mimi na kaka akasema kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Mzee anajua, hatukumficha. Alisema nipelekeni nikafie chumbani kwangu nisikie maji.

Neema Tele
Usikubali hilo neno kufa dada yangu. Mjomba wangu madaktari walikata tamaa, tukafunga siku saba, leo analima matikiti. Mgonjwa habebwi kupelekwa kufa, anabebwa kupelekwa kuombewa.

Babu G
Naheshimu imani ila mwacheni mzee asikilizwe. Sisi baba aliomba hivyohivyo, tukasema subiri drip iishe, subiri vipimo, akafia wodini usiku hakuna hata mmoja wetu pembeni yake. Halafu kumrudisha ikawa jeneza, gari la kukodi, kibali cha kusafirisha mwili, tulichanga ukoo mzima. Mtu akiwa hai ni nauli. Mpeleke.

Kandoyaziwa
Asante Babu G. Nauli ipo, na kaka ameshakubali.

Nesi Mstaafu
Kumpeleka sio kosa, nilifanya kazi tiba shufaa miaka, ile ya kuwatuliza maumivu wasiopona, wengi wanataka kwao. Ila usiondoke bila kupanga haya. Dawa, kama ameandikiwa morphine ya maji, ile kali ya maumivu, ondoka nayo ya kutosha pamoja na barua ya daktari, ile ni dawa ya kudhibitiwa. Anapewa kila baada ya masaa manne hata kama hajalalamika, usisubiri maumivu yarudi, na ile ya kulalia huwa tunaiongeza mara mbili ili mzee na wewe mlale, muulize daktari wako. Inafunga choo sana kwahiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo, nimeona wagonjwa wanateseka na choo kuliko saratani. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, msiogope mkaiacha. Na miguu ikianza ghafla kufa ganzi au mkojo ukikataa, mgongo huo unabanwa, piga simu palepale. Kule nani atamgeuza usiku? Nyumba ina nani?

Kandoyaziwa
Mimi mwenyewe nitamgeuza.

Nesi Mstaafu
Nimeuliza nyumba ina nani.

Kandoyaziwa
Ina watu. Sio wetu. Nyumba tuliiuza mwezi wa tatu, hela ya matibabu iliisha na mzee alikuwa hajitambui kwa maumivu, kaka akasaini mimi nikawa shahidi. Mzee hajui. Lakini nimeshaongea na aliyenunua, ni mtu muelewa, amekubali kutuachia kile chumba cha upande wa ziwa kwa miezi miwili, nimeshalipa nusu. Kwahiyo mzee atakuwa chumbani kwake na hatajua kitu. Sioni kosa hapo.

Chuma cha Pua
Mnauza nyumba ya mzazi yuko hai? Ndo maana vijiji vinaisha. Mimi kwetu hata mti hukati bila baba kusema.

Mama Wawili
Chuma, ungekuwa umewahi kusikia mtu mzima analia maumivu saa nane usiku usingeandika hivyo.

Sangara Mbichi
Jamani hii chai. Imeanza na usafiri, ikaja mifupa, sasa nyumba imeuzwa. Halafu morphine apewe mtu aende nayo kisiwani? Hiyo inatolewa wodini tu chini ya ulinzi. Kesho mtaletewa namba ya kuchangia.

Babu G
Hata mimi nimeanza kujiuliza.

Kandoyaziwa
Sijaomba hata mia. Chupa ipo hapa juu ya friji, ya plastiki, nimechora mistari kwa peni kila dozi ili kaka asikosee nikiwa sipo. Ukiinusa haina harufu ila mzee anasema chungu, nampa na maji ya chungwa nyuma yake. Sangara ukiamini au usipoamini, saa kumi nampa nyingine.

Nesi Mstaafu
Sangara mwanangu, morphine ya maji inapewa mgonjwa anaenda nayo nyumbani, Uganda wameanza hivyo tangu 1993 na hapa kwetu ipo. Tuache hilo. Kandoyaziwa, utamfikisha mzee mlangoni atoke mtoto wa watu kumkaribisha kwake? Majirani watampa pole ya nyumba kabla hujashusha godoro. Mwambie kabla ya kupanda meli, wewe na kaka pamoja, saa moja baada ya dozi akiwa na utulivu.

Kandoyaziwa
Itamuua mama.

Mama Wawili
Na akiisikia kwa jirani je?

Kandoyaziwa
Samahanini nilipotea tangu jana. Tumemwambia. Kaka alishindwa nikasema mimi. Mzee alinyamaza mpaka nikadhani kasinzia, akauliza shilingi ngapi, nikamtajia, akasema mmepunjwa. Halafu akauliza kanunua nani, nikamwambia, akasema baba yake nilimfundisha kushona nyavu, mwambieni asiukate mchungwa wa uani. Amegeukia ukutani, hajaongea tena ila uji amekunywa.

Tunaondoka Alhamisi kama kawaida. Aliyeko Nansio mwenye noah ya kutoa viti vya nyuma nitumieni ujumbe, na kama kuna mtu anajua zahanati ya karibu yenye nesi anayeweza kupita kumuona.

Mvuvi wa Kirumba
Angalia PM dada. Shemeji yangu ana noah, nimeshamwambia aweke godoro.