Sakafu inabanduka: nipige niru upya, niweke marumaru au nipake epoksi?

Mama Tabata
Habari zenu wanajamvi. Sakafu ya sebuleni kwangu imeharibika. Niru inabanduka kama maganda, kila asubuhi nazoa vumbi la simenti, na mwanangu anayetambaa ana magoti meupe kutwa. Fundi wa kwanza anataka kupiga niru upya, wa pili anasema marumaru, shemeji yangu anasisitiza epoksi, ile rangi nzito ya kung'aa. Mwisho wa mwezi nataka kuanza. Nichukue ipi?

Fundi Kitunda
Dada, umeomba dawa hujataja ugonjwa. Chumba kina ukubwa gani? Kuna nyufa? Chini kuna unyevu? Gonga kwa mpini wa nyundo sakafu nzima. Panapolia kama debe tupu, niru imeachana na zege. Hapo pang'olewe kwa tindo, hakuna kubembeleza.

Kaka wa Ukonga
Weka marumaru, umalize. Unapiga deki, basi.

Fundi Kitunda
Ukibandika juu ya niru iliyoachia, marumaru zitang'oka pamoja nayo. Gundi haishiki vumbi.

Binti Kigamboni
Dada, epoksi iogope kwanza. Mwaka 2021 nilipakiwa chumbani. Siku ya kwanza unajiona usoni ukiinama. Masika yalipoingia yakatoka malengelenge, madogo kama dengu, yakakua. Nikatoboa moja kwa sindano, maji yakachuruzika. Kumbe nyumba ilijengwa bila karatasi ya nailoni chini ya zege la sakafu, unyevu wa ardhini unapanda na kukosa pa kutokea. Fundi akaniambia nimemwaga maji mimi mwenyewe! Kuikwangua ilituchukua siku nne, mimi na mdogo wangu, na harufu ilibaki wiki nzima. Hela haikurudi. Tandika kipande cha nailoni sakafuni, bandika kingo zote kwa utepe wa gundi, funua kesho yake. Ukikuta matone kwa chini, epoksi sahau.

Mzee wa Mwiko
Niru ya zamani ilidumu kwa sababu watu walimwagilia maji siku saba. Siku hizi fundi anamaliza saa kumi, keshokutwa mnahamishia makochi. Halafu wananyunyiza simenti kavu juu ya maji yaliyosimama ili ing'ae upesi. Ganda hilo ndilo linalobanduka. Kwa chumba cha mita 4 kwa 3.5, tabaka la sentimita 4, mchanganyiko wa moja kwa tatu, andaa mifuko mitano hadi sita ya kilo 50. Zege la chini lichokolewe liwe na makwaruzo, lioshwe, lipakwe uji wa simenti, na niru imwagwe uji ukiwa bado mbichi.

Kaka wa Ukonga
Na mchanga je? Wengi wanaletewa wa baharini.

Mzee wa Mwiko
Wa baharini una chumvi, inavuta unyevu na kutoa unga mweupe. Tumia wa mtoni.

Msafiri wa Tanga
Sisi huku tumejengea wa pwani miaka yote na nyumba zimesimama.

Mzee wa Mwiko
Kusimama ni jambo moja, ndugu yangu. Angalia kuta zako chini, futi mbili kutoka sakafuni, uniambie rangi ikoje.

Mama Tabata
Asanteni. Nimegonga, karibu nusu ya chumba inalia wazi. Ufa mmoja unatoka mlangoni hadi dirishani. Ila nilisahau kusema, nyumba ni ya kupanga.

Binti Kigamboni
Dada! Hilo ndilo lilipaswa kuwa la kwanza. Mwenye nyumba anajua?

Kaka wa Ukonga
Andikishianeni mkatie kwenye kodi, la sivyo unamjengea mtu.

Fundi Kitunda
Na huo ufa, chora mstari wa penseli kila mwisho wake na uandike tarehe. Ukipita mstari baada ya mwezi, chini kunatitia, niru yoyote itapasuka palepale.

Mama Tabata
Nimechora. Nailoni nimeitandika usiku huu karibu na ukuta wa bafuni. Mwenye nyumba anasema atakuja Jumapili.

Msafiri wa Tanga
Mzee, nimeangalia ukuta. Rangi imevimba kweli. Naanzia wapi?