Mabeki wana mbio lakini wanapitwa kama nguzo: nianzie wapi?

Mkufunzi_Chake
Assalaam alaykum wakuu. Nna vijana wa chini ya miaka 17 hapa Chake Chake. Mabeki wawili wa kati na namba sita wao (kiungo mkabaji) wana mbio, wala si wazito, lakini mtu akiwakabili ana kwa ana wanapitwa. Naona mambo mawili: wanamfikia mwenye mpira wakiwa bado na kasi, na chenga ya kwanza tu miguu inajifunga. Ngazi ya kamba, ile ya kulaza chini na kukanyaga kati ya vipago, tumeitumia wiki sita. Ngazini wanaruka kama panzi, mechini hakuna kilichobadilika. Uwanja wa vumbi, koni nane, mipira sita. Nisaidieni.

Namba5_Mstaafu
Wa alaykum salaam kocha. Jibu umeshaliandika mwenyewe: wanafika na kasi. Hao wanakosa breki, mbio wanazo.

Weka koni moja, na nyengine mita 8 mbele yake. Kijana atoke kwa kasi yote. Zikibaki mita 3 aanze kukata hatua: fupi fupi, za haraka, makalio yanashuka, kifua hakilali mbele. Asimame kama mita moja na nusu kabla ya koni, mguu mmoja umetangulia nusu hatua, mwili umekaa ubavu. Akisimama kifua wazi, kwanza anaomba tobo (kupitishiwa mpira katikati ya miguu), pili akitaka kugeuka lazima auzungushe mwili mzima.

Akishasimama usimwachie hapo hapo. Akae sekunde mbili, kisha msukume bega kidogo kwa kiganja. Akiyumba kwa nyuma, uzito uko visiginoni. Akienda mbele, amekunja kiuno badala ya magoti. Akibaki pahala pake, sawa. Mara 6 kwa kila mguu unaotangulia, pumziko nusu dakika. Fanyeni mwanzo wa mazoezi baada ya kupasha moto; miguu iliyochoka haijifunzi breki, inajifunza kuburuta.

Kujifunga miguu ni jambo jengine. Tuseme mguu wa kushoto uko mbele. Mwili hapo umeelekea kulia, kwa hiyo winga akipita kulia kazi ni nyepesi. Akipita kushoto, nyuma ya mgongo, ndipo kijana anaurusha mguu wa kulia juu ya wa kushoto na kujikwaa. Dawa yake: ule mguu wa mbele ndio uvutwe nyuma, nyonga ifunguke, vidole vitazame goli lake, halafu mbio. Wafundishe bila mpira kwanza. Wewe simama mbele, nyoosha mkono kushoto au kulia, yeye afungue nyonga na kukimbia mita 5 tu.

Kibandamaiti_Mkabaji
Kocha, ngazi usiitupe, lakini ijue kazi yake. Mle ndani kijana anajua mguu unakanyaga wapi kabla hajaunyanyua. Mechini anayeamua ni mwenye mpira. Dakika 3 za kupasha moto zinatosha, baada ya hapo kila zoezi liwe na mtu wa kumjibu.

Koni zako ziweke akiba, tumia mistari ya uwanja. Boksi dogo la goli lina kina cha mita 5.5 na upana wa mita 18.32, njia hiyo tayari. Mwenye mpira anaanza upande mmoja, beki upande wa pili, wanakutana. Sharti: sekunde tatu za mwanzo beki haruhusiwi kuugusa mpira, kazi yake kumsindikiza tu. Anayezoea kumvaa mtu atalalamika sana hapa, mwache alalamike. Zamu moja isizidi sekunde 8, pumziko sekunde 40, zamu sita.

Wakati wa kusindikiza tazama visigino. Vikigusana, wakati huo beki hana msingi, na winga mjanja anausubiri huo huo. Nguvu itoke mguu wa nyuma unaosukuma, miguu isikaribiane kuliko upana wa mabega. Na macho yakae kwenye mpira. Bega linadanganya, kiuno kinadanganya, mpira haupigi chenga. Aingie pale mpira ulipoachana na mguu wa mwenyewe, kati ya mguso mmoja na mwengine, tena kwa mguu ulio karibu.

Jambo moja la kuongeza kwa alichosema Namba5: winga akishafyatuka mbio, hatua za ubavu basi. Beki ageuke akimbie kama mtu. Wapo wanaokimbizana na winga kwa ubavu kama kaa mpaka kwenye kona.

Mkufunzi_Chake
Shukran sana. Na mchanga wa pwani? Wazee wetu wanasema ndio unaojenga miguu.

Maji_Kupwa
Inategemea mchanga gani. Ule mkavu wa juu unajenga pumzi na misuli ya shavu la mguu, lakini kwa breki haufai: unazama, mguu unakaa chini muda mrefu, na kijana anazoea kusimama polepole. Subiri maji yapwe, tumia ule uliolowa na kukaza.

Faida yake kubwa ni kwamba unaandika. Afanye lile zoezi la mita 8, kisha nendeni wote wawili mkasome nyayo. Hatua tatu au nne za mwisho zinatakiwa zikaribiane. Zikiwa zimeachana sawasawa mpaka mwisho, hakukata hatua. Shimo la kisigino likiwa refu kuliko la mbele ya unyayo, anafunga breki kwa kisigino. Ukiona mburuzo mrefu, amechelewa kuanza. Nyayo za kusindikiza ziwe njia mbili sambamba. Zikikatana, alipishanisha miguu, hata akikuapia hakufanya. Ukifika, piteni kwanza muokote makombe na chupa, maana mnafanya pekupeku.

Goti_Salama
Wakuu mmesahau goti. Majeraha mengi ya kano ya mbele ndani ya goti (ACL) hutokea bila kuguswa na mtu, wakati wa kufunga breki, kugeuka ghafla au kutua. Na hayo ndiyo mnayomfundisha kijana hapa. Simama mbele yake anapokata kona: goti likiangukia ndani kuelekea goti la pili, simamisha zoezi, punguza kasi. Goti lifuate mstari wa vidole. Akishindwa hata kwa mwendo wa taratibu, arudi kwenye kuchuchumaa kwa mguu mmoja na kuruka na kutua kimya. Kishindo ni dalili kwamba magoti hayakukunjwa.

Kwa kupasha moto tumia programu ya FIFA 11+. Ni dakika 20, mazoezi 15, sehemu tatu, haihitaji kifaa zaidi ya koni na mpira. Mkipata mechi kwenye nyasi bandia, njumu ndefu ziacheni nyumbani. Zinang'ang'ania, mwili unageuka na mguu unabaki.

Mkufunzi_Chake
Namba sita naye afanye yale yale?

Namba5_Mstaafu
Yale yale, na moja zaidi. Beki kwa kawaida mchezo uko mbele yake, sita uko mbele na nyuma yake. Mweke katikati, wawili wanaopasiana mpira mbele yake mita 10, mwengine nyuma yake anayehama kushoto na kulia kimya kimya. Kila mpira unapokuwa njiani baina ya watu, sita atupe jicho begani na arekebishe miguu kwa hatua mbili fupi ili aizibe njia ya pasi. Wa mbele mwenye mpira akimwona wa nyuma yuko wazi, apige. Hesabu pasi zilizopita katika kumi. Mara nyingi utakuta shingo iligeuka, miguu haikusogea.